Siku Fayvel Alipofunika Torati

Brayna aliingia jikoni jioni ya Alhamisi, akavua koti lililolowa mvua, akalitundika nyuma ya mlango, akasema Avrom amechumbia.

Baba yake, Fayvel Rotshtein, alikuwa mezani akijisomea fungu la Torati la wiki ile kwa sauti ya chini, kidole kikifuata mstari. Kidole kikasimama. Mama yake, Gita, alikuwa akimenya karoti za Sabato, naye kisu kikamsimama mkononi.

"Amechumbia nani?" Gita akauliza.

"Mwalimu mmoja wa Sydney. Avrom alikuja dukani mwenyewe kuniambia. Mtu wa watu, hakutaka niyasikie kwa wengine. Akajifanya miwani yake imelegea, nikamkazia skurubu, akaniambia huku nimeinama."

Brayna aliuza miwani katika duka la Mtaa wa Carlisle, karibu na kituo cha tramu. Avrom alikuwa mjane, mtu mpole mwenye mabinti wawili, na alikuwa amemngoja miaka mitatu. Hakuna mtu katika sehemu ile ya Melbourne ambaye hakujua anangoja nini. Mahakama ya serikali ilikuwa imeivunja ndoa ya Brayna na Nosson Grinblat siku nyingi, kwa barua iliyokuja na posta. Lakini kwa dini yao ndoa ilikuwa ingali hai mpaka Nosson mwenyewe, kwa hiari yake, amtie Brayna hati ya talaka mkononi. Bila hati hiyo alikuwa mke wa mtu bado, na mwanamke wa namna hiyo husemwa amefungwa. Mtoto ambaye angemzaa kwa mwingine angekuwa na doa maisha yake yote, na hakuna nyumba ya dini ambayo ingemwoza. Baraza la marabi lilimwita Nosson, likamwambia ni wajibu wake kutoa, akalijibu kwa adabu kwamba hajakataa, ila bado. Mwaka wa sita sasa, ni bado.

Brayna alikuwa na miaka thelathini na minane. Hakuwa na mtoto.

Fayvel alitaka kusema kitu. Ndivyo alivyoumbwa, mtu wa kutafuta neno. Alikuwa amefundisha hesabu shuleni hadi akastaafu, na kwa miaka thelathini ndiye aliyewasomea Torati watu wa sinagogi yao kila Sabato. Kila Ijumaa kabla ya jua kutua aliishika simu, akarekodi dakika chache za kueleza fungu la wiki linawaambia nini watu wa leo, akawatumia mamia ya wasikilizaji. Kwenye gharika aliwaambia kila nyumba inahitaji safina, wazime simu wakati wa kula. Kwenye mana ya jangwani aliwaonya juu ya kununua wasivyovihitaji. Watu walimsikiliza kwenye treni wakienda kazini, na wengine walimwandikia kwamba maneno yake ndiyo yaliyowavusha wiki.

"Mwanangu," akaanza, "katika fungu la wiki hii kuna..."

"Baba, usiniambie."

Akakiondoa kidole kwenye mstari. Brayna akavuta kiti, akaketi mbele yake.

"Mara ya kwanza nilipomkimbia Nosson, lilikuwa fungu la Hajiri. Nilikaa kwenye kiti hikihiki. Nikakwambia ananifungia geti, ananinyang'anya simu, hata sabuni ananipimia. Ukaniambia malaika alimkuta Hajiri jangwani, akamwambia arudi akanyenyekee. Ukasema wiki ile Torati ilikuwa inazungumza na mimi."

"Nilidhani naokoa nyumba yako."

"Nikarudi. Nikakaa miaka miwili mingine." Hakupandisha sauti, laiti angepandisha. "Kila wiki unapata neno, Baba. Watu wanalisikiliza, wanafarijika, wanashuka kwenye treni. Sijaona hata wiki moja neno lako likikugharimu wewe kitu."

"Brayna," mama yake akasema.

"Basi, Mama. Nimemaliza."

Akaenda chumbani. Gita akarudia karoti zake. Fayvel akakitazama kitabu kilichokuwa wazi mbele yake. Fungu la wiki lilikuwa lile lenye sheria ya talaka, kwamba mtu akimwacha mkewe na amwandikie hati, amtie mkononi, amfungulie mlango. Kila mwaka aliyasoma maneno hayo mbele ya watu wote, na kila mwaka Nosson aliketi safu ya tatu akayasikiliza.

*

Asubuhi ya Ijumaa alivaa kofia, akapanda tramu hadi kwenye duka la Nosson. Nosson aliuza magodoro na vitanda. Lilikuwa duka kubwa lenye vioo, na ndani joto tele. Alikuta mume na mke wakijaribu godoro, Nosson amesimama pembeni mikono nyuma, anawatania.

Alipomwona Fayvel uso ulimchangamka.

"Karibu, Baba. Nawamalizia hawa. Kaa."

Fayvel akatafuta kiti, hakikuwapo.

"Kaa kitandani tu, Baba. Hapo hapo. Hakiumi."

Akaketi ukingoni mwa kitanda kipana kilichotandikwa mito ya maonyesho, kofia magotini. Godoro lilikuwa laini mno, likamzamisha, magoti yakapanda juu kama ya mtoto. Wateja wakaondoka, wengine wakaingia, Nosson akawahudumia nao. Mwanamke mmoja alimwomba Fayvel asogee kidogo ili apapase foronya. Akasogea.

Mwishowe Nosson akaja, akasimama mbele yake, hakuketi.

"Nimesikia Avrom anaoa," akasema. "Mungu awabariki."

"Nosson, nimekuja kukuomba. Umeshinda. Sijui ulikuwa unashindana na nani, lakini umeshinda. Mpe hati yake."

"Baba, mimi sijakataa. Waulize marabi kama kuna siku nimekataa. Nimesema bado. Mtu akiondoka nyumbani kwangu bila kuniaga, nami nina haki ya kujifikiria."

"Miaka sita?"

"Kila mtu na mwendo wake." Akalinyoosha shuka pale mkono wa Fayvel ulipolikunja. "Aje mwenyewe aombe. Vizuri."

"Alikuja. Ulimfungia mlango wa duka, ukamtazama kwa kioo."

"Siku ile sikuwa na nafasi." Nosson akatabasamu. "Na wewe unanishangaza, Baba. Si wewe uliyemrudisha kwangu? Alinihadithia yote, malaika na Hajiri. Nilikuheshimu sana siku ile. Nikasema, huyu ndiye mzee anayeijua Torati."

Fayvel alijaribu kusimama, godoro likamrudisha chini. Nosson akampa mkono akamwinua. Akamsindikiza hadi mlangoni, akamwambia kesho wataonana, maana ni kumbukumbu ya kifo cha baba yake na Vaks, msimamizi wa sinagogi, ameahidi kumwita mbele aibariki Torati ikisomwa.

Jioni ile Fayvel hakurekodi chochote. Jua lilipokaribia kutua simu ilianza kulialia, watu wakiuliza kama mzee yu mzima. Gita akaizima, akawasha mishumaa. Wakala supu, na Brayna akaosha vyombo.

*

Sinagogi yao ilikuwa ya matofali, katika mtaa wa nyuma wenye migunga iliyokuwa imeanza kutoa maua ya manjano, maana baridi ilikuwa inaelekea kwisha. Ndani kulikuwa na joto. Majiko yote ya umeme ya kupasha joto yaliyowekwa ukutani aliyatoa Nosson miaka minne iliyopita, na chini ya kila moja kulikuwa na kibati chenye jina lake. Watu walipoambiwa kwamba Nosson si mtu wa kuheshimiwa mpaka amfungue mkewe, walikubali kwa vichwa, kisha wakaenda kuota moto.

Gombo likatolewa katika sanduku lake, likazungushwa, likalazwa juu ya meza iliyo jukwaani katikati ya ukumbi. Fayvel akajifunika shali, akashika kijiti cha fedha cha kufuatia maneno. Mtu wa kwanza akaitwa, akabariki, Fayvel akasoma. Wa pili, wa tatu, wa nne. Alisoma kama siku zote, sauti kavu iliyo wazi, bila kosa. Kati ya watu saba wanaoitwa kila Sabato, wa tano ndiye anayesomewa fungu lenye hati ya talaka. Fayvel alilijua hilo, Vaks hakulifikiria. Vaks, msimamizi, alikuwa na karatasi yake ya majina na wasiwasi wa chakula cha baada ya sala. Akaita kwa sauti:

"Asimame Nosson mwana wa Shraga."

Nosson akatoka safu ya tatu, akaitengeneza shali mabegani, akapanda. Akanyoosha mkono aguse gombo kwa ncha ya shali na kulibusu, ndipo abariki. Lakini Fayvel alikuwa ameshachukua kitambaa cha mahameli akayafunika maandishi.

Nosson akangoja, akidhani mzee anapumzika. Vaks akanong'ona, "Mzee Fayvel?"

Fayvel akawageukia watu. Kijiti akakiweka mezani.

"Ndugu zangu," akasema, "baba zetu walikuwa na desturi. Mtu aliyedhulumiwa, aliyekwenda kila mahali asisikilizwe, ana ruhusa ya kuja kuzuia usomaji mpaka asikilizwe hapa. Wengi wenu hamjawahi kuiona. Mimi pia sijaiona. Maneno yanayofuata yanasema mwanamume amtie mke hati mkononi. Sitayasoma huku mtu huyu amesimama hapa. Nazuia usomaji."

Ukumbi ukavuma. Nyuma ya kizuizi cha mbao, upande wa wanawake, Gita alishika ukingo wa kiti cha mbele. Brayna alikuwa kando yake. Hakuwa ameambiwa lolote. Alisimama taratibu, akabaki amesimama.

Mtu mmoja akasema mambo ya nyumbani yamalizwe nyumbani.

"Nyumbani yamekaa miaka sita," Fayvel akajibu.

Mwingine akasema leo ana wageni, hii si haki. Mzee mmoja wa safu ya nyuma akasema desturi ni desturi, aachwe aseme. Wakaanza kubishana wao kwa wao. Rabi Tauber, aliyekuwa kijana mwema asiyependa ugomvi, akapanda jukwaani, akamshika Fayvel kiwiko, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba kilio kimesikika, sasa aendelee.

"Kimesikika na nini kitafanyika, Rabi?"

"Kamati itakaa."

"Kamati ilikwisha kukaa. Ilikaa kwenye joto lake." Akaonyesha kibati ukutani kwa kidevu. "Semeni tu mbele ya Torati kwamba haitwi tena hapa, haheshimiwi, haulizwi hali, mpaka amfungue. Nami nitasoma sasa hivi."

Rabi akawatazama watu, na watu wakatazama vitabu vyao. Vaks akakohoa. Wakati wote Nosson alisimama pale pale, mkono juu ya mti wa gombo, mtulivu kama mtu aliye dukani kwake.

"Mpeni mzee maji," akasema. Kisha akageuka ili asikike mpaka kule nyuma ya mbao. "Na niwaambieni wote, kwa kuwa tumeamua kuvuana nguo. Nilikuwa nimekata shauri kumpa baada ya sikukuu. Haki ya Mungu nilikuwa tayari. Sasa, kwa fedheha hii, asahau. Mshukuruni baba yake."

Sauti ya wanawake ikasikika ikipanda na kushuka. Fayvel akageukia upande wa wanawake. Alimtafuta Brayna kwa macho kupitia matundu ya mbao, akaona kivuli tu kilichosimama.

Saa ikapita. Wengine wakatoka na wageni wao, viatu vikikwaruza sakafu. Rabi akatoa uamuzi: usomaji hauwezi kuachwa, mwingine asome. Daktari mmoja wa meno aliyewahi kujifunza usomaji wa gombo ujanani akapanda, jasho likimtoka. Fayvel akavua shali ya kusomea, akashuka, akaketi mwisho wa benchi la karibu na mlango.

Kitambaa kikaondolewa. Nosson akaligusa gombo, akabusu, akabariki kwa sauti nzuri. Daktari akasoma kwa kusuasua. Alipofika kwenye hati akateleza. Katika Kiebrania cha Torati mkono wa mwanamume na mkono wa mwanamke hutofautiana kwa herufi moja, naye badala ya kusema hati itiwe mkononi mwa mwanamke, akasema mwanamume.

Ukumbi mzima ukamrukia. Kila kona, wazee kwa vijana, wale waliokuwa wametazama vitabu na wale waliokuwa na haraka ya chakula, wakapaza sauti kwa pamoja kumsahihisha:

"Mkono wa mwanamke! Mkono wa mwanamke!"

Kwani kosa la namna hiyo haliachwi lipite. Daktari akaomba radhi, akarudi nyuma, akasoma tena sawasawa, na watu wakatulia, wameridhika. Fayvel alifunika uso kwa viganja.

Walipotoka Brayna aliwangoja getini. Wakatembea watatu, chini ya mvua nyepesi, na hakuna aliyefungua mwavuli kwa sababu ilikuwa Sabato, na kuufungua huhesabiwa kazi. Walipofika pembeni mwa duka la mikate Brayna akasema, "Umechelewa, Baba."

Akajibu kwamba anajua.

Wakaendelea kutembea. Baadaye kidogo Brayna akamshika mkono, kwa kuwa njia ilikuwa na utelezi na mzee alikuwa hatazami anakokanyaga.

*

Kamati ilimwandikia kumshukuru kwa utumishi wake, ikamtaka apumzike. Daktari wa meno akaendelea kusoma. Nosson naye akahamia sinagogi nyingine, ambako walimpokea vizuri, na majiko yake akayaacha ukutani.

Lililomla Fayvel halikuwa hayo. Usiku alijigeuza kitandani akamwuliza Gita kama kweli Nosson alikuwa ametaka kutoa.

"Mtu anayetoa hutoa," Gita akamjibu. "Hangoji sikukuu."

"Lakini kama kweli?"

Gita akamfunika blanketi. Asubuhi alimkuta ameshaamka, ameketi mezani bila kitabu.

Ijumaa iliyofuata watu walingoja neno lake kama kawaida. Lilikuja fupi. Alilitaja fungu la wiki kwa jina, kisha akasema: "Binti yangu Brayna bado amefungwa. Sabato njema." Basi. Wiki iliyofuata hivyo hivyo, na ile ya tatu. Wakamwandikia, kwanza kwa huruma: Mzee, tunakuelewa, lakini tupe kitu cha kututia moyo. Mmoja akamwambia anaichafua Torati kwa mambo yake. Mwingine akasema amempoteza mwalimu. Majina yakaanza kuchomoka kwenye simu yake, kumi, ishirini, mia.

Kisha mwanamke mmoja wa Sydney akamwandikia kwamba naye amefungwa mwaka wa tisa, na kama hatajali, amtaje. Halafu mama mmoja wa papo hapo Melbourne, ambaye kila Sabato aliketi viti viwili kutoka kwa Gita, akapiga simu, akalia muda mrefu, akatoa jina la binti yake ambaye watu wote walidhani yuko masomoni ng'ambo. Fayvel alimwuliza kila mmoja mara mbili kama ana hakika. Kisha akayataja. Hakueleza neno. Siku moja Gita alimwuliza kama hatarudi tena kuwafundisha watu, naye akasema kwamba kwa sasa hajui fungu lina maana gani nyingine, na akilijua atasema.

Brayna hakuwahi kuzungumzia ujumbe ule. Alikwenda kazini, akarudi. Kuna wiki hakutoka chumbani tangu jioni hadi asubuhi, na Gita alipopita mlangoni hakusikia kulia, alisikia kimya tu, akakiogopa zaidi.

Siku za joto zilipoanza, Fayvel alishikwa na mafua makali ya kifua. Ijumaa ilimkuta kitandani, sauti imekauka kabisa. Ilikuwa wiki ya "Maisha ya Sara", fungu ambalo jina lake ni maisha na linaanza na kifo chake. Jumapili yake ndiyo ingekuwa harusi ya Avrom. Nyumba ilinuka mkate uliokuwa ukiiva. Fayvel alijiinua kwenye mto, akachukua simu, akajaribu, ikatoka pumzi tupu. Akajaribu tena. Gita akamwambia aache, Mungu ameona.

Brayna alikuwa amesimama mlangoni na taulo la jikoni begani. Akaingia, akampokonya baba yake simu, taratibu, kama mtu anayemvua mtoto kitu chenye ncha. Akaketi ukingoni mwa kitanda. Akatazama kioo kile kidogo muda, midomo ikimcheza.

"Bonyeza hapo pekundu," Gita akanong'ona.

"Najua, Mama."

Akabonyeza.

"Fungu la wiki hii ni Maisha ya Sara," akasema. "Mimi ni Brayna, binti Fayvel. Bado nimefungwa." Kisha akawataja wengine, mmoja mmoja, bila haraka. Alipofika mwisho akaongeza jina la mwanamke ambalo Fayvel na Gita hawakuwa wamelisikia, mteja wa pale dukani kwake, aliyemwambia juzi akipimwa macho. Akavuta pumzi. "Sabato njema."

Akatuma, akaizima simu, akairudisha mezani karibu na dawa. Akakaa hapo kidogo zaidi, mkono juu ya blanketi, kisha akainuka kwenda kuutoa mkate kabla haujaungua.